Chanjo ni Bure, Njia si Bure



Ndugu yangu msomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (SW) aliyetufikisha tena mwezi huu mtukufu, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (SAW), nakuletea mada niliyoizungumza mbele ya vijana wenzangu kwenye darsa baada ya Alasiri. Mada yenyewe ni chanjo za watoto.

Likizo moja nilikwenda kwa mjomba wangu mwenye duka upande wa Garissa. Siku moja akaja mama amembeba mtoto mgongoni, jua limeshakuwa kali, akaomba maji. Nikamuuliza, mtoto amechanjwa surua? Akasema bado. Basi mimi msomi wa chuo kikuu nikaanza kumpa mawaidha: surua inaua, surua inapofusha, serikali inatoa chanjo bure, nyinyi kina mama mbona hamjali? Alininyamazia mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mwanangu, ndiyo natoka huko dispensari. Ni mara ya pili hii. Nimeambiwa nirudi Alhamisi."

Wallahi niliona haya.

Kwa nini arudishwe? Chupa moja ya chanjo ya surua huwa na dozi 10, na ikishafunguliwa hutumika ndani ya masaa 6 tu; inayobaki hutupwa. Mama akija peke yake, nesi huona ni hasara kuifungua, akamwambia angoje siku watoto watakapokuwa wengi. Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini chupa zikiwa chache nesi naye hufanya hesabu zake.

Sasa tufanye hesabu za yule mama. Ratiba yetu Kenya inataka mtoto achanjwe anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Hizo ni safari sita, kama hakurudishwa hata mara moja. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 200: tayari ni 1,200 kwa mtoto mmoja. Na siku hiyo nani atateka maji? Nani atabaki na wadogo? Mwenye kibarua anakosa ujira wa siku. Mfugaji naye, malisho yakiisha anahama, na dispensari haihami naye.

Ndiyo maana utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Kenya nzima watoto 80 kwa kila 100 walikuwa wamekamilisha chanjo za msingi, lakini Garissa ni 23 tu. Je, mama wa Garissa hampendi mwanawe? Hasha! Na hasara yake tuliiona mwaka 2013, polio ilipozuka upande huo huo na kambi za Dadaab, ikapata watu 14.

Wapo watakaokwambia tatizo ni dini. Ndugu yangu, kila anayekwenda Hija hutakiwa achanjwe homa ya uti wa mgongo, na wazee wetu huchanjwa wakaenda zao. Uvumi upo, sikatai. Lakini uvumi hupata nguvu pale ambapo kwenda kliniki kwenyewe ni mateso.

Basi sisi vijana tufanye nini? Kwanza, tuulize dispensari siku gani chupa hufunguliwa, na itangazwe msikitini baada ya Tarawehe. Kina mama kumi wakienda pamoja, hakuna atakayerudishwa kwa sababu ya uchache. Pili, katika sadaka zetu za mwezi huu tutenge fungu la nauli. Tatu, kina baba. Mara nyingi nauli na ruhusa ziko mikononi mwenu. Leo ukishafuturu, itishe kadi ya kliniki ya mwanao uisome mwenyewe.

Mimi nilirudi chuoni kabla ya ile Alhamisi. Yule mama nilimpa mawaidha, nauli sikumpa. Nimekueleza haya ili wewe usifanye kama nilivyofanya.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na awahifadhi watoto wetu. Amin.