Kiwanja cha Kwanza: Maneno kwa Wanachama Wanaotaka Kujenga Vyumba vya Kupangisha
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Mombasa)



Halmashauri imeniagiza nizungumze juu ya jambo ambalo mwaka huu limetajwa karibu katika kila kikao chetu, nalo ni kununua kiwanja na kujenga vyumba vya kupangisha. Nashukuru kwa heshima hiyo. Najua ya kuwa ukumbini humu wamo watu wa namna tatu. Wako wanaokaribia kustaafu, nao wangoja malipo yao. Wako vijana walioweka akiba kidogo na wamechoka kuwa wapangaji. Kisha wako wanaotaka chama chenyewe kinunue kiwanja kwa fedha zilizomo katika mfuko wetu wa mazishi na maafa. Hao wote nawaambia neno moja: mtu anayeanza kazi hii hanunui udongo, bali ananunua haki ya mtu mwingine juu ya udongo huo, na yampasa aijue haki hiyo sawasawa kabla ya kutoa arubuni.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Nyumba ya Kiswahili, ile yenye ujia katikati, vyumba huku na huku, na uwa nyuma, tangu zamani ilikuwa ni makao na biashara kwa pamoja. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, na wajane wengi wa mji huu wamelea watoto kwa kodi ya vyumba hivyo. Katika Pumwani ya Nairobi, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waafrika walijenga nyumba kwa fedha zao wenyewe na kuzipangisha chumba chumba, ingawa ardhi iliyo chini ya nyumba hizo haikuwa yao. Basi anayesema ya kuwa Mwafrika hajui kazi ya nyumba hakutembea Majengo.

Lakini hapo hapo ndipo penye mtego wetu sisi wa Mombasa. Mji huu una desturi ambayo mgeni huistaajabia, nayo ni nyumba bila ardhi. Nyumba ni ya mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi kila mwezi. Utaiona desturi hii Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko. Nyumba za namna hii huuzwa na kununuliwa kila siku, tena kwa bei nafuu, na sisemi kwamba ni haramu kuzinunua. Nasema kwamba aliyenunua nyumba ya namna hiyo akidhani amenunua na ardhi amedanganyika, hata kama hakuna aliyemwambia uwongo. Mwenye kiwanja akiuza kwa mtu mwingine, au akifa na warithi wakafarakana, mwenye nyumba hana hati ya kusimamia. Sababu za jambo hili ni za zamani. Chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, watu wa ukanda wa pwani walitakiwa wapeleke madai yao ya ardhi yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wako waliojua na wakadai, na wako waliobaki kulima mashamba ya babu zao bila ya karatasi. Mpaka leo twaishi katika matokeo ya jambo hilo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji lisiwe bei. Liwe hili: unaniuzia nini, nyumba, au ardhi, au vyote viwili? Na jibu lake liandikwe.

Ikiwa ni ardhi, na hati ipo, wengi wetu hufikiri ya kuwa mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management na serikali ya kaunti yetu ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha Nyali karibu na bahari. Kampuni ile ilikuwa na hati, nayo ilinunua kwa mtu aliyekuwa na hati. Mahakama ikasema ya kwamba ardhi ile tangu awali ilikuwa ya umma, haikugawiwa kwa njia iliyo halali, na kwa hiyo hati zilizofuata hazikuwa na msingi. Kununua kwa nia njema hakukumwokoa mnunuzi. Nawaomba wazee mlipime jambo hili. Hati ni kama cheti cha mti, nasi twatakiwa tuchimbe mpaka kwenye mzizi: nani alipewa kwanza, na nani, na kwa utaratibu gani. Ikiwa kampuni yenye mawakili ilipoteza, mstaafu mwenye bahasha ya malipo yake atasalimikaje? Mwezi wa Novemba 2011 nyumba za watu zilibomolewa Syokimau, kwa kuwa ilisemwa zimejengwa katika ardhi ya uwanja wa ndege, na mwezi wa Oktoba 2023 mambo kama hayo yakatokea Mavoko katika ardhi ya kampuni ya saruji. Wengi wa waliolia siku hizo walikuwa ni watu wa mshahara kama sisi.

Basi kazi huanzia kwenye masjala ya ardhi. Omba uchunguzi rasmi wa rejista, ambao wengi huuita sachi. Utakuonyesha jina la mwenye ardhi, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwingine. Uombe wewe mwenyewe au wakili wako, wala usiridhike na karatasi iliyoletwa na dalali. Madalali wengine ni watu waaminifu, lakini ujira wao hutoka siku ya kuuza, haukutoki wewe siku ya kushitakiwa. Kisha mchukue mpima ardhi mwenye leseni aende nawe kiwanjani na ramani ya masjala mkononi, aonyeshe mawe ya mipaka. Hutokea mtu akaonyeshwa kiwanja kizuri kando ya barabara, na hati aliyopewa ikawa ni ya kiwanja kilicho bondeni. Kisha waulize majirani. Jambo hili halimo katika sheria yoyote, nami nalithamini kuliko mengi yaliyomo. Mama anayeuza mahamri mbele ya kiwanja kwa miaka kumi anajua ni nani aliyekuja kugombana pale.

Mtazame pia mtu anayeuza. Akisema ardhi ni ya marehemu baba yake, usitoe hata shilingi moja mpaka uone uthibitisho wa mahakama unaowataja warithi wote. Sheria ya urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla ya uthibitisho huo. Kwa Waislamu mambo ya mirathi huweza kupelekwa mbele ya Kadhi, na huko hutajwa hata yule dada aliyeolewa mbali ambaye kaka zake wamemsahau kwa makusudi. Akiwa muuzaji ana mke, au ni mke mwenye mume, ulizia ridhaa ya mwenzake, maana sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 yataka ridhaa hiyo kwa mali waliyo nayo pamoja. Na kama ni shamba la kulima, kama yale ambayo wenzetu wanayanunua upande wa Kilifi na Kwale, ipo sheria ya mwaka 1967 inayotaka idhini ya Bodi ya Ardhi. Idhini hiyo huombwa ndani ya miezi sita tangu mapatano, la sivyo mapatano yenyewe hutanguka. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Wengi hawauweki katika hesabu zao, kisha wanakwenda kuukopa.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo maneno matamu yanapokwisha.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Mwanachama ananunua kiwanja na kujenga vyumba 8, na yote yanamgharimu shilingi 2,400,000. Chumba kimoja anakaa mlinzi bila ya kodi. Vyumba 7 kwa shilingi 4,000 kila mwezi ni shilingi 336,000 kwa mwaka. Kila chumba kikae kitupu mwezi mmoja tu katika mwaka, nalo ni jambo la kawaida, zinatoka 28,000, zabaki 308,000. Kodi ya serikali juu ya pango, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pango lote kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ni shilingi 23,100. Tutenge 60,000 kwa matengenezo, maji, kunyonya choo na malipo ya kaunti. Zinabaki shilingi 224,900, yaani kama 18,700 kwa mwezi.

Ikiwa fedha zote ni zake, hayo si mapato mabaya kwa mstaafu. Lakini ikiwa amekopa zote kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni shilingi 24,000. Vyumba vyote vinamfanyia kazi mkopeshaji, na bado mwenye nyumba anaongeza kutoka mfukoni. Akiwa amekopa nusu tu, na mapato yote yakaenda kulipa deni, atamaliza baada ya miaka minane na nusu hivi, bila ya kula kodi ya hata chumba kimoja. Kwa hiyo kijana aliye na haraka namshauri hivi: nunua kiwanja kwa akiba yako, kilipe, kiandikishe kwa jina lako, ukizungushie ua. Kisha jenga vyumba viwili, uvipangishe, ujenge vingine viwili. Majirani watakucheka kwa kuwa nyumba yako yakua kama mti wa mwembe. Waache wacheke, mradi huna deni la kukunyima usingizi.

Nimebakiwa na lile la mfuko wetu. Wanaotaka utumike kununua kiwanja ni watu wenye nia njema, na hoja yao ya kwamba fedha zinalala benki ni ya kweli. Lakini fedha za mfuko wa maafa kazi yake ni kulala ili ziamke usiku ule tunapopigiwa simu kwamba mwenzetu amefariki na mwili wapaswa kusafirishwa. Kiwanja hakiuziki usiku. Twakumbuka ya kwamba katika miaka ya 1940 ndugu zetu wa Nyanza, wakiongozwa na Oginga Odinga, waliunda kampuni ya Luo Thrift and Trading, wakajenga Ramogi House mjini Kisumu. Walikuwa na chama cha ustawi pia, Luo Union, lakini biashara waliipa chombo chake, chenye hisa zake. Kampuni ile haikukosa taabu, ila mwanachama alijua ipi ni hisa na ipi ni sadaka.

Hivyo basi, Bwana Mwenyekiti, naweka mbele ya mkutano pendekezo hili. Mfuko wa mazishi na maafa usiguswe. Wanachama wanaotaka kununua ardhi pamoja wafungue mfuko wa pili, kila mtu aingie kwa hiari yake na apewe stakabadhi ya kiasi alichoweka. Ardhi itakayonunuliwa iandikwe kwa wadhamini waliosajiliwa kisheria, isiandikwe kwa jina la mweka hazina wala la mtu mwingine yeyote mmoja. Na kile kiwanja cha Mtwapa ambacho halmashauri imeletewa habari zake wiki iliyopita, arubuni yake isitolewe mpaka majibu ya masjala na ya mpima ardhi yasomwe hapa, mbele ya wanachama wote. Dalali amesema bei ni ya wiki hii tu. Karani amwandikie barua kwamba sisi tutakutana tena mwezi ujao.