PROGRAMU NGENI KATIKA KOMPYUTA YA CHAMA
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kericho na Bomet

Sisi wa reli ni jirani zenu wa zamani. Chai ya Kericho ilipoanza kulimwa kwa biashara katika miaka ya 1920, ilipakiwa garini katika stesheni ya Lumbwa, ambayo leo yaitwa Kipkelion. Kwa hiyo hatukuona haya mlipotuita.

Neno tuliloombwa kusema ni hili. Karani wa tawi awasha kompyuta asubuhi, naye aona programu ambayo hakuiweka, inajiwasha yenyewe pamoja na mashine kila siku. Jina lake ni herufi tupu zisizo na maana. Je, ni mtumishi wa mashine au ni mwizi?

Wako wanaocheka na kusema hayo ni mambo ya vijana wa saiba. Lakini tazameni kilichomo ndani ya kompyuta ile. Mna majina ya wanachama, namba za vitambulisho na namba za simu. Mna habari za Fomu S za watu waliotia sahihi kukubali kukatwa ada ya chama, na baadhi yao ni wachuma chai wa kibarua ambao karatasi zao hazijafika bado kwa mwajiri. Orodha hiyo ikitoka kabla ya siku yake, mtu wa kibarua aweza kukosa kazi msimu ujao, wala asijue sababu. Tena ziko programu mbaya zinazonakili kila herufi inayopigwa, hata neno la siri la benki ya chama, zikayapeleka yote kwa bwana wao.

Katika reli, gari moshi likiingia stesheni, gadi huwa na karatasi yenye namba za mabehewa yote. Behewa lisiloandikwa katika karatasi halisukumwi mtoni, wala haliachwi liende zake. Huwekwa kando, namba yake ikasomwa, ikaulizwa limetoka wapi, na lakiri ya mlangoni ni ya nani. Nanyi fanyeni vivyo hivyo.

Katika Windows bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha mfungue pale palipoandikwa Startup. Hapo mtaona programu nyingi zinazojiwasha, ingawa si zote, kwa kuwa nyingine hujificha katika huduma za mashine na katika kazi zilizopangiwa saa. Kwa kuziona hizo pia iko programu ya bure iitwayo Autoruns, ambayo Mark Russinovich ni mmoja wa watungaji wake, nayo hutolewa na Microsoft wenyewe. Ichukueni kwao tu. Mwizi naye hupenda kuvaa koti la polisi.

Jina peke yake si ushahidi. Watunga virusi wajua kwamba Windows ina programu halali iitwayo svchost.exe, basi yao huiita scvhost.exe, herufi mbili zimegeuzwa, na jicho lililochoka halioni. Wengine hutumia jina lile lile bila kugusa herufi hata moja. Hapo ndipo tuulize inakaa wapi. Bonyezeni jina hilo kwa kitufe cha kulia cha mausi, mchague Open file location. Ile svchost ya kweli hukaa C:\Windows\System32, na haina kazi katika orodha ya Startup, maana yaamshwa na mashine kwa njia nyingine. Mkiikuta inalala katika Temp au Downloads, hiyo ni jina la kuazima. Lakini pia msihukumu kila kitu kilichomo AppData, kwa maana hata Zoom hukaa humo.

Tazameni na mwisho wa jina. Mwaka 2005 ilitoka Indonesia virusi iitwayo Brontok, yenye picha ya folda ya manjano kama folda nyingine yoyote. Mtu alidhani afungua barua zake, kumbe aiwasha programu. Windows kwa kawaida huficha ule mwisho wa exe, basi iambieni iuonyeshe.

Sasa lakiri. Katika Properties yako maneno Digital Signatures, na hapo husomwa ni kampuni gani iliyotia muhuri. Programu nyingi ndogo hazina muhuri wala hazina hatia. Na muhuri waweza kuibwa: Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, ilitembea na mihuri ya kweli ya Realtek na JMicron, kampuni za Taiwan ambazo hazikuitunga.

Kama bado mna shaka, chukueni alama ya kidole ya faili. Amri yake ni certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, nayo itawapa herufi na tarakimu 64. Ziandikeni katika VirusTotal, ambayo ilianza Uhispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Itawaonyesha wakaguzi wengi wasemaje juu ya faili hiyo. Mkaguzi mmoja akipiga kelele na wengine wote wamenyamaza, huenda amekosea. Wote wakinyamaza, huenda virusi ni mpya mno. Lakini shikeni neno hili sana: msipeleke huko orodha ya wanachama, wala faili yoyote yenye majina ya watu. Kinachopakiwa kule hugawiwa kwa makampuni mengi, hata mkawa mmetoa wenyewe kile mlichokuwa mkikilinda. Alama ya kidole yatosha.

Wala msifute kwa haraka. Tarehe 21 Aprili mwaka 2010 walinzi wa McAfee waliidhania svchost ya kweli kuwa virusi, wakaiondoa, na kompyuta nyingi za Windows XP zikalala duniani kote. Kama wenye kazi hiyo waliweza kumkamata asiye na kosa, karani wa tawi aende polepole. Bonyezeni Disable, mzime mashine, mwashe tena. Programu halali kwa kawaida itabaki imezimwa. Ikiwa imejirudisha yenyewe, shaka yazidi sana. Hapo ondoeni waya wa intaneti, mwendeshe ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, na maneno ya siri yabadilishwe kwa simu au mashine nyingine iliyo safi. Msiyabadilishe kwa mashine ile ile, maana mtakuwa mnamsomea mwizi ufunguo mpya.

Ikionekana kwamba habari za wanachama zimechukuliwa, na zaweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yadai Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72, na wanachama wenyewe waambiwe. Mwenye kuficha ili tawi lisiaibike awaacha wachuma chai gizani.

Nakala ya orodha iwe katika diski isiyokaa imechomekwa. Mwezi wa Mei 2017 virusi ya WannaCry ilipofunga faili za watu na kudai fedha, hata mbao za saa za treni katika stesheni za Ujerumani zilionyesha dai hilo mbele ya abiria.

Mwisho, kila tawi liwe na daftari lake kama karatasi ya gadi: programu gani imewekwa, siku gani, na nani. Makarani waliokuja na kompyuta zao kutoka Litein, Sotik na Bomet wabaki baada ya chai, tutazifungua moja moja.