Mkulima wa mahindi apewe kura ya bodi

Msikilizaji, kila msimu wa mavuno mjadala wa mahindi nchini Kenya huishia kwenye bei ya gunia la kilo 90. Waziri hutangaza kiwango, wabunge hupaza sauti, wakulima husema hakitoshi. Swali lisiloulizwa ni nani anaketi kwenye Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, na ni nani aliyemweka pale. Mwenyekiti huteuliwa na Rais, wajumbe huteuliwa na waziri, majina yakachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mkulima wa Kitale au Moi's Bridge hana la kusema. Nami nasema wakulima wanaoiuzia bodi hiyo nafaka wapewe haki ya kuwachagua wengi wa wakurugenzi wake.

Gharama ya kumnyima haki hiyo tumeiona. Mwaka 2018 wakulima wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walikesha nje ya maghala na kusubiri malipo kwa miezi, huku ikibainika kwamba wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kulipwa. Mwezi Mei mkurugenzi mkuu akajiuzulu. Mwaka 2024 mbolea isiyofikia viwango iliwafikia wakulima kupitia maghala hayo hayo. Bunge la Taifa likapiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, kisha kamati teule ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Mara zote mbili malalamiko ya mkulima yalilazimika kwenda kwa wapelelezi na wabunge, ambao wana mambo mengine mia ya kushughulikia. Hakupata pa kusema kwamba mkurugenzi huyu ametuangusha, muhula ujao hatumtaki.

Kanada walilijaribu jambo hili. Bodi yao ya ngano, iliyoanzishwa mwaka 1935 na kuwa na makao Winnipeg, iliendeshwa kwa miongo mingi na makamishna walioteuliwa na serikali. Sheria ikabadilishwa mwaka 1998: kati ya wakurugenzi 15, kumi walichaguliwa na wakulima wa majimbo ya magharibi, kila mmoja katika wilaya yake, na nusu ya viti hivyo kumi vikapigiwa kura kila baada ya miaka miwili. Wagombea walilazimika kueleza bayana kama wanataka bodi iendelee kuwa mnunuzi pekee au soko lifunguliwe. Wakulima waligawanyika vikali, na mgawanyiko huo ukaamuliwa kwa kura badala ya minong'ono.

Kuna atakayesema kwamba mfano huo ni mbaya, maana bodi hiyo haipo tena. Ni kweli haipo, lakini tuangalie ilivyoondolewa. Sheria ilitaka wakulima wapige kura kabla ngano haijatolewa mikononi mwa bodi. Mwaka 2011 serikali iliamua kufungua soko bila kuitisha kura hiyo, basi bodi ikaendesha yake, na asilimia 62 ya wakulima wa ngano walioshiriki wakataka mfumo ubaki. Jaji mmoja wa Mahakama ya Shirikisho alisema waziri amekiuka sheria. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo. Wakati huo Bunge lilikwisha kupitisha sheria mpya iliyofuta viti vya kuchaguliwa. Serikali isingehangaika kuvifuta kama wakurugenzi wale wangekuwa mapambo. Walikuwa na sauti, na waliitumia kumpinga waziri hadharani, jambo ambalo mteuliwa wa waziri hawezi kulifanya akabaki na kiti.

Pingamizi zito zaidi linatoka hapa nyumbani. Vyama vya ushirika vina wakurugenzi waliochaguliwa, na baadhi vimefilisiwa na hao hao. Sikatai. Kura inayopigwa bila mpigakura kuona hesabu ni kumkabidhi mtu funguo usiku wa giza. Ndiyo maana uchaguzi lazima uandamane na hesabu zilizokaguliwa, zibandikwe kwenye kila ghala kabla ya siku ya kura: nani ameuza magunia mangapi, amelipwa lini. Orodha ya namna hiyo mwaka 2018 ingewafichua waliolipwa kabla ya zamu yao.

Na mlipa kodi je, ambaye pesa zake hununua akiba ya chakula? Naye ana haki, hivyo serikali ibaki na viti vyake. Ila isiwe na wingi tu.

Gumu kabisa ni daftari la wapigakura. Mwaka 2006 waziri wa Kanada aliagiza maelfu ya majina yaondolewe uchaguzi ukiwa umekwisha kuanza, na ugomvi wake haukwisha. Kenya ina pa kuanzia: usajili wa wakulima uliofanywa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Usafishwe, uwekwe chini ya tume ya uchaguzi, na sheria imzuie waziri kuugusa. Kamati ya Kilimo ya Bunge inaweza kuandika mswada huo kabla ya mavuno yajayo.