Hazina ya Uwanda wa Kati Ijulikane na Wenyewe



Mtoto wa shule ya msingi akiulizwa wanyama wa Tanzania wanapatikana wapi, hujibu upesi: Serengeti na Ngorongoro. Jibu hilo si kosa, lakini halikutimia. Simba na tembo wanapatikana pia katika nchi nyingine za Afrika, na nyumbu wa Serengeti wenyewe huvuka mpaka kila mwaka na kuingia Kenya. Wako viumbe wengine ambao asili yao ni Tanzania peke yake. Miongoni mwao ni kima punju wa Unguja, popo mkubwa wa Pemba, na kipunji wa misitu ya Rungwe na Udzungwa, aliyetangazwa kwa wataalamu wa dunia mwaka 2005. Wengine wamo katika uwanda huu wa kati, ambao wapita njia wengi huuona kuwa ni vumbi na miiba mitupu.

Mfano ulio karibu ni cherero, ndege mdogo wa jamii ya kasuku, mwenye mwili wa kijani, kichwa cheusi na ukosi wa manjano. Asili yake ni Tanzania bara, hasa nyika za kati. Kwa miaka mingi ndege huyu alinaswa na kupelekwa ng'ambo, mpaka Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai mwaka 2016. Leo wazao wake wamo katika vizimba vya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Basi mtoto wa London aweza kumjua cherero kwa sura, na mtoto wa Dodoma, anayepitiwa naye juu ya kichwa akienda shule, asijue hata jina lake.

Yuko pia kwezi wa rangi ya majivu, na yuko hondohondo mwenye mdomo mwekundu wa nyika za Ruaha. Jike la hondohondo huingia katika tundu la mti na kuuziba mlango kwa udongo, akabakiza ufa mwembamba tu. Dume humlisha kupitia ufa huo wakati wote anapoatamia. Je, liko somo la sayansi linalopita hilo kwa kuvutia?

Cherero na hondohondo hawachimbi matundu yao wenyewe. Huyategemea ya miti mikubwa, na katika nyika hizi mti mkubwa ni mbuyu. Hapo ndipo penye hatari. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji kutangazwa kuwa jiji mwaka 2018, viwanja vimepimwa na barabara zimefunguliwa. Maendeleo hayo ni haki ya wananchi. Lakini mbuyu uliokua kwa mamia ya miaka huangushwa kwa muda mfupi tu, na anayetia sahihi mchoro wa kiwanja ni mtumishi wa umma. Asiyejua kilichomo ndani ya mti hawezi kuutetea.

Wala isidhaniwe kwamba nchi iliyoharibika haiponi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu za Kondoa zilizomomonyoka vibaya. Wafugaji walipata taabu, na hilo halifai kufichwa. Hata hivyo, majani na miti vilirudi katika makorongo yaliyokuwa matupu.

Kuiona hazina hii hakuhitaji utajiri. La kwanza ni kutoka alfajiri hadi pembezoni mwa mji, penye mibuyu, na kutulia kimya. La pili ni safari ya Kondoa kwa barabara ya Babati. Huko Kolo iko michoro ya miambani, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ambamo watu wa kale walichora twiga, tembo na pofu. Mbele ya Babati iko Hifadhi ya Tarangire, anakoonekana cherero pamoja na kwezi wa majivu. Kwa upande wa kusini, njia ya Iringa huelekea Hifadhi ya Ruaha, wanakoishi pamoja tandala mkubwa na tandala mdogo. Wakati mwema ni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, wanyama wanapokusanyika kwenye mito. Kiingilio cha raia ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni. Darasa likichanga nauli mapema, safari huwezekana.

Mwezi Septemba 1961, huko Arusha, Mwalimu Nyerere alitamka kwamba wanyamapori ni amana ya Waafrika wote, na kwamba kuwatunza ni wajibu kwa ajili ya vizazi vijavyo. Amana haiwezi kutunzwa na mtu asiyeijua. Mgeni hulipa fedha nyingi na kuvuka bahari ili aione. Mwalimu wa Dodoma hana budi kuwafungulia wanafunzi wake mlango wa darasa, awaonyeshe kwa kidole, na kuwatajia jina: yule ni cherero, na kwao ni hapa.