Kura ya Babu na Bibi



Nimeombwa niseme machache juu ya haki za raia katika historia ya Marekani. Tulilikariri somo hilo: utumwa kufutwa 1865, kura kwa watu weusi 1870, wanawake 1920. Jambo moja mwalimu hakutuambia, au pengine nilikuwa nasinzia: majimbo ya kusini yaliizunguka sheria ya 1870 kwa mtihani wa kusoma na kwa kodi iliyolipwa kabla ya kupiga kura. Haki ilikuwa kwenye karatasi. Mezani kwa karani haikuwapo.

Niliposoma hayo chuo kikuu nilimkumbuka babu yangu wa Newala. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 Serikali ya Kiingereza ilimtaka mpiga kura awe amefika darasa la nane, au awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au awe na cheo kinachotambuliwa. Babu aliishia darasa la nne, na korosho zake hazikufikia hata robo ya fedha hizo. Aliyeruhusiwa naye alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, la sivyo kura yake iliharibika. TANU walibishana sana Tabora, Januari 1958, kabla ya kukubali kuingia.

Bibi wakati huo alikuwa akishuka bondeni usiku kufuata maji. Nani angemwuliza habari za kura?

Hapa Masasi mambo haya yana mizizi ya zamani zaidi. Mwaka 1876 Askofu Steere alifika na watu waliokombolewa utumwani, wakapata makazi. Lakini sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilikuja 1922. Miaka 46! Na bado bwenini tulikuwa tukiwakebehi wenzetu kwa asili hiyo. Mimi nilikuwamo, na mmoja wao amekaa hapa leo. Ndugu yangu, naomba radhi.

Agosti 1965 Marekani ilipitisha sheria ya kuizuia mitihani ile. Septemba mwaka huo huo sisi tulikuwa na uchaguzi, na kila raia aliyetimiza miaka 21 aliweza kujiandikisha. Asiyejua kusoma alitazama picha: jembe au nyumba. Babu na bibi walipanga foleni pamoja. Babu alimwuliza amempigia nani. Bibi alikataa kusema, na hakusema mpaka anaingia kaburini.