Mchezaji Akiisha Kuondoka Uwanjani

Hotuba ya katekista kwa siku ya vijana, katika sherehe za Jubilei ya parokia yetu



Kamati ya Jubilei iliniomba niseme maneno machache juu ya vijana na michezo. Wengine walicheka waliposikia kwamba katekista mwenye tumbo kama langu atahubiri basketi. Walikuwa na haki. Lakini nawaomba uvumilivu, kwa sababu neno ninalolileta linatuhusu sisi sote, hata mama ambaye hajagusa mpira tangu azaliwe.

Siku ya 30 Septemba 2024 redio ilitangaza kwamba Dikembe Mutombo amefariki Marekani kwa kansa ya ubongo, akiwa na umri wa miaka 58. Jioni ile vijana walikuwa wanacheza nyuma ya kanisa. Walisimamisha mpira, wakanizunguka, na mmoja wao akaniuliza: «Mwalimu, yule alikuwa mtu wetu ao mtu wao?»

Nilijibu upesi: «Wetu.» Lakini usiku ule sikulala vizuri. Niliona kwamba jibu langu lilikuwa rahisi mno. Leo nataka kulijibu swali lile tena, polepole.

Kwanza tuelewe desturi ya Wamarekani. Kwao basketi ya kulipwa inapendwa, lakini basketi ya iniversite nayo inapendwa sana. Kila iniversite ina ekipi yake, na wachezaji ni wanafunzi. Katika mwezi wa tatu ekipi nyingi huingia katika mashindano makubwa, na ekipi inayoshindwa mara moja tu hurudi nyumbani. Mwanafunzi huchezea iniversite yake miaka minne, na mara nyingi chini ya hiyo, kisha huondoka. Mshangiliaji yeye hubaki. Babu alishangilia, baba akashangilia, mtoto anashangilia, lakini wachezaji hupita kama maji ya mto. Kwa hiyo mshangiliaji wa kule ana kazi mbili: kuifuata ekipi iliyo uwanjani leo, na kuwafuata wale waliokwisha kuondoka. Huuliza: Fulani yuko wapi? Anachezea nani? Ameoa? Ameugua? Ndivyo wazee wetu walivyouliza, wakikaa kando ya moto katika kyaghanda, habari za kijana aliyekwenda safari ya mbali.

Nitatoa mfano mmoja. Iniversite ya Georgetown, mjini Washington, ni ya Mapadri Wayezuiti, nayo ilianzishwa mwaka 1789. Tangu mwaka 1972 mwalimu wake wa basketi alikuwa John Thompson, mtu mweusi, mrefu na mkali. Mwaka 1984 ekipi yake ilichukua ubingwa wa nchi, na yeye akawa mwalimu mweusi wa kwanza kuufikia. Nguzo ya ekipi ile ilikuwa Patrick Ewing, mzaliwa wa Jamaika. Lakini katika ofisi yake Thompson aliweka mpira uliokwisha upepo, ili kila kijana anayeingia aelewe kwamba maisha yake hayawezi kutegemea upepo ule. Na msimamizi wa masomo ya wachezaji alikuwa mama mmoja, Mary Fenlon, ambaye zamani alikuwa mtawa. Mama huyo alikaa hata kwenye benchi wakati wa mechi.

Mwaka 1987 akafika pale kijana kutoka Kinshasa, aliyesoma Koleji Boboto ya Wayezuiti. Hakuja kwa ajili ya mpira. Alikuja na buruse ya masomo, akitaka kuwa mganga. Kiingereza alikuwa bado kukijua, na urefu wake ulipita metre mbili. Mwaka wa pili akaingia katika ekipi. Yeye na mwenzake Alonzo Mourning walikuwa wakiizuia mipira ya wapinzani hewani. Basi washangiliaji waliokaa chini ya kikapu walitundika kitambaa, na kwa kila mpira uliozuiliwa waliongeza juu yake picha ya mkono ulionyoshwa. Katika mechi moja ya mwaka 1989 Mutombo alizuia mipira 12. Mwaka 1991 akamaliza masomo, siyo ya uganga, bali ya lugha na diplomasia, akaenda Denver kucheza kwa kulipwa. Alicheza hivyo hata mwaka 2009, na mara nne alitajwa kuwa mlinzi bora kuliko wote.

Sasa angalieni hali ya mshangiliaji wa Georgetown katika miaka ile. Ewing alikuwa New York, Mourning alikuwa Charlotte na baadaye Miami, Mutombo alikuwa Denver na baadaye Atlanta. Walipokutana, mshangiliaji alikuwa na mtoto wake pande zote mbili. Asingeweza kusema: «Sasa wako kwa wengine, hawanihusu tena.» Nao wenyewe hawakusahau, maana wakati wa likizo walirudi mahali pao pa zamani kufanya mazoezi na wadogo zao.

Lakini upendo huo ulijaribiwa. Mwaka 2017 Ewing alirudi Georgetown kama mwalimu. Mwaka 2021 ekipi yake ilichukua kombe la ligi yao, na watu wakamwimbia. Msimu uliofuata ilipoteza mechi zote 19 za ligi ileile. Ryan, mtoto wa Mutombo, alikuwa mmoja wa wachezaji wake. Mwezi wa tatu wa mwaka 2023 iniversite ilimwondoa Ewing katika kazi ile. Hebu fikirini: kumwondoa mtu aliyewapa ubingwa! Kunung'unika kulikuwa kwingi, na kwa haki. Lakini kazi ni kazi, na mtu ni mtu. Mwalimu anaweza kuondolewa katika kazi yake. Ule mwaka 1984 hakuna awezaye kumwondolea.

Wako na watoto wengine wa nchi yetu waliopita njia ile. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, akiwa Kentucky, mwaka 2022 alitajwa kuwa mchezaji bora wa iniversite zote. Mwaka uleule ekipi yake ilishindwa, katika mechi yake ya kwanza ya mashindano makubwa, na Saint Peter's, koleji ndogo ya Wayezuiti. Yeye alirudi Kentucky kucheza mwaka mwingine. Naye Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002, hakupitia iniversite hata moja. Mwaka 2022 alikuwa katika ekipi ya Golden State iliyochukua ubingwa wa wenye kulipwa. Yeye hana koleji ya kuuliza habari zake. Ni nani atakayeziuliza, kama siyo sisi watu wa Kivu?

Turudi kwa Mutombo. Mwaka 1996 mabinti wa nchi yetu walikwenda Atlanta kwa michezo ya Olimpiki, na yeye aliwalipia mavazi na gharama. Mama yake, Biamba Marie, aliugua Kinshasa wakati wa machafuko. Njia zilikuwa zimefungwa, haikuwezekana kumfikisha hospitalini, akafa. Mtoto wake akajenga hospitali katika mji uleule, akaipa jina la mama yake, na yeye mwenyewe akatoa zaidi ya dola milioni 15. Ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Na mwaka 2021 ilifunguliwa shule karibu na Mbuji-Mayi yenye jina la baba yake, Samuel. Yule aliyetaka kuwa mganga na hakuwa mganga, amewapa wagonjwa waganga wengi.

Ndugu wapendwa, mpaka hapa nimesema habari za mbali, na habari za mbali hazichomi. Sasa nitasema ya kwangu.

Nilipokuwa katika seminari ndogo, katika miaka ya 1990, tulikuwa na ekipi ya basketi. Mwaka 1994 padri mmoja alituonyesha katika gazeti picha ya Mutombo amelala chini, ameshika mpira kwa mikono miwili, anacheka, siku Denver, ekipi ya nane, ilipoishinda Seattle iliyokuwa ya kwanza. Tangu siku ile mwenzetu mmoja mrefu tulimwita Mutombo. Alikuwa akizuia mpira, kisha anatikisa kidole kama yule wa kweli, na sisi tunapiga kelele hata Padri Mkubwa anafungua dirisha. Siku za Dimanshi seminari nzima iliimba jina lake. Kisha minervali ikakosekana kwao, akarudi nyumbani. Wiki moja tuliongea juu yake. Wiki ya pili tulikuwa tumempata mwingine wa kucheza nafasi yake.

Miaka kadhaa baadaye nilimwona hapa Butembo, katika mteremko, anashikilia chukudu iliyojaa mbao. Nilikuwa nimevaa koti langu la ualimu. Niliingia katika duka, nikajifanya ninauliza bei ya sabuni, hata alipopita.

Baadaye nilisikia kwamba amehamia upande wa Beni kulima kakao. Halafu, tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2014, yakaanza kule mauaji ambayo ninyi nyote mnayajua, na kila familia hapa imelia. Nilikuwa nikisikia majina ya vijiji katika redio, namkumbuka, halafu ninaendelea na kazi yangu. Ni swali la yule kijana nyuma ya kanisa lililonisimamisha. Nilianza kuuliza. Mkristu mmoja wa Beni aliniambia kwamba yuko Oicha, na watu wake, kati ya waliokimbia. Nikaenda.

Yeye alinitambua kwanza. Aliinua kidole, akakitikisa, tukacheka kama watoto. Tulikaa. Alinionyesha mke wake na watoto wake watatu waliobaki. Saa ya kuagana alinishika mkono, akaniambia bila hasira: «Siku ile ya sabuni, nilikuona.»

Vijana, nimewafundisha katekisimu miaka mingi, lakini fundisho lile nilipewa mimi. Tulimpenda kwa ajili ya mikono yake. Mikono ilipoanza kushika chukudu, mapendo yetu yalikwisha. Mchungaji wa Injili hakumtafuta kondoo kwa sababu alikuwa anashinda mechi.

Kwa hiyo ninawaomba jambo moja, nalo ni dogo. Kwenye meza, karibu na mlango wa sakristia, kuna daftari mpya. Parokia yetu imekuwa na ekipi za mpira, za basketi na za voleboli, za wavulana na za wasichana. Wachezaji wake wako wapi? Wako wanaofanya biashara Kampala, wako Kinshasa, wako Ulaya, wako katika kambi za wakimbizi, wako katika nyumba ya pili toka kwako, wanaugua. Andikeni jina, miaka aliyocheza, na mahali mnapofikiri yuko. Kila shirika lichukue majina mawili na kutuletea habari zao kabla ya Noeli. Siyo lazima kupeleka pesa. Nendeni tu, ao pigeni simu, muulize: «Uko namna gani?» Jina la kwanza nimeliandika mimi asubuhi.

Na kwa kijana aliyeniuliza, ambaye ninamwona pale nyuma anajificha: Mutombo alikuwa wao, kwa sababu walimfuata alipoondoka. Alikuwa wetu, kwa sababu yeye alitufuata sisi. Kama na sisi tulimfuata, hilo nakuachia wewe ulijibu, wewe utakayeshangilia kesho.