Kimya cha Kaburi

Juma hili nazungumzia kitabu kilichonichosha siku mbili za mwanzo, kisha kikaninyima usingizi.

Ni riwaya ya upelelezi ya Arnaldur Indriðason wa Iceland, iliyotoka mwaka 2001. Inaitwa Grafarþögn, yaani Kimya cha Kaburi. Mwaka 2005 tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo kubwa Uingereza.

Sisi tuliokulia kwenye mbio za Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, tumezoea mambo ya haraka. Hapa hakuna haraka. Mtoto mchanga anakutwa akitafuna mfupa. Ni ubavu wa binadamu, uliookotwa kwenye kiwanja cha ujenzi pembezoni mwa Reykjavík. Mifupa mingine imo ardhini tangu enzi za Vita Kuu ya Pili. Wanaitwa wataalamu wa mambo ya kale, nao wanafukua kidogo kidogo. Mpelelezi Erlendur anangoja. Huku akingoja, hukaa hospitali kando ya binti yake aliyepoteza fahamu, akimsimulia habari za mdogo wake aliyepotea katika dhoruba ya theluji walipokuwa watoto.

Kwa nini mwandishi anatuchelewesha hivyo? Jibu nililipata katika sura zinazorudi nyuma, za mke anayepigwa na mumewe mbele ya watoto. Mateso yale yalikwenda mwaka baada ya mwaka. Kilichofichwa muda mrefu hakifukuliwi kwa siku moja. Nani amelala pale, sisemi, someni wenyewe.

Nilipofunga kitabu nilikumbuka nyumba ya kupanga niliyoishi ujanani. Usiku nilimsikia jirani akilia nyuma ya ukuta. Asubuhi tulisalimiana:

"Umeamkaje, dada?"

"Salama, kaka."

Kanga ameivuta hadi usoni. Nami nikashika njia ya kazini, nikijiambia kwamba ya mke na mume hayaingiliwi. Siku moja nikakuta chumba kitupu. Alikokwenda sijui mpaka leo. Kazi yangu ni kuuliza maswali, ndugu zangu, lakini swali lile moja sikuliuliza.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Ni kweli, lakini na jirani naye husikia. Kama kilio kinavuka ukuta wako usiku huu, msikilizaji, inuka ukabishe hodi.

Kwaherini.